Aliyemjibia Mtu wa Wino

Saa kumi na nusu jioni Masikio alifika kwenye geti la kiwanda cha uchapaji akiwa na begi mgongoni, stendi mbili za maiki kwapani, na hasira ya kutwa nzima. Aliahidiwa kuingia saa tatu asubuhi. Yule bwana wa ofisi mwenye funguo alimzungusha weee: mara yupo kikaoni, mara yupo njiani, mara simu haipatikani. Alipopatikana akasema, bila hata haya, kwamba umeme wa jengo unakatwa saa kumi na mbili kamili, na kesho asubuhi watu wa chuma chakavu wanakuja na mitungi yao ya gesi kuikatakata mashine. Kama anazitaka hizo kelele zake, awahi.

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Kule redioni walimwita Masikio, maana alikuwa na uwezo wa kukaa chumba cha pili na kukwambia feni ipi imelegea skrubu. Kazi yake ilikuwa kunasa sauti. Si za watu, watu aliwaachia watangazaji. Yeye alinasa za vitu: milango, mvua juu ya bati, cherehani, pampu za maji. Jumba la makumbusho lilimwomba awahi kuinasa mashine ile kongwe ya kuchapa kabla haijawa vipande, naye alikubali kwa sababu moja tu.

Baba yake.

Mzee alifanya kazi kwenye mashine hiyo hiyo kwa miaka kumi na tisa, mpaka akawa fundi mkuu wake. Aliacha kazi Masikio akiwa na miaka minne, akaenda kutengeneza baiskeli, na tangu hapo ukimtajia uchapaji anakuuliza kama umekula. Kelele zilikuwa zimemmaliza masikio. La kushoto lilishakufa. La kulia, daktari alisema, lina miezi mitatu, likibahatika minne.

Na kulikuwa na jambo ambalo mzee mwenyewe hakulijua. Usingizini, kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinabonyeza. Kinabonyeza ukingo wa kitanda, kinaachia, kinabonyeza tena. Masikio alikiona mara nyingi alipokwenda kumfunika shuka, akakipa maana yake mwenyewe: mzee anaikumbuka mashine yake, masikini. Basi kabla sikio halijafunga, atamletea. Atamvalisha hedifoni, atamwambia baba, fumba macho. Aliwaza hivyo wiki nzima, na kila alipowaza alitabasamu peke yake kama mjinga. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kunasa jenereta la hospitali.

Aliyemfungulia geti alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Zamani alikuwa akifunga vitabu pale pale, ndiyo maana mpaka leo waliobaki walimwita Mzee Gundi. Sasa alikuwa mlinzi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa sauti? Haya, twende. Giza haliningojei mimi."

Ndani palinuka mafuta ya taa, wino na karatasi iliyopigwa na unyevu. Madirisha yalikuwa juu sana na yamejaa vumbi, kiasi kwamba jua la jioni lilifika sakafuni likiwa limechoka. Mashine ilikaa katikati ya ukumbi, ndefu kuliko vyumba vyao viwili vya nyumbani ukiviunganisha, nyeusi, yenye rola zilizopangwa tumbo kwa mgongo. Masikio aliweka mkono juu ya chuma. Kilikuwa cha uvuguvugu. Akasema moyoni, jua hilo.

Alisimamisha maiki ya kwanza upande wa kupokea, pale karatasi zilizochapwa zinapotokea. Ya pili akaipeleka upande wa pili, karibu na sinia la wino. Hapo chini palikuwa na ubao wa kusimamia, umelika katikati, mashimo mawili ya nyayo.

"Hapo usisimame," Mzee Gundi alisema.

"Naweka maiki tu, mzee wangu."

"Maiki sawa. Wewe, usisimame."

Masikio akacheka, akarudi nyuma. Wazee wa viwandani wote wana mambo yao, hata baba yake hamruhusu mtu kupita mbele ya baiskeli iliyopinduliwa. Alipokuwa akifunga stendi akamwambia kwamba yeye ni mtoto wa fundi mkuu wa zamani. Mzee Gundi aliacha kufuta mikono.

"Bado anasikia?"

"Kidogo sana. Sikio moja, nalo linaelekea kwisha."

"Afadhali," alisema.

Masikio alidhani mzee hakusikia vizuri. Watu waliokulia kwenye kelele hukujibu swali ambalo hukuuliza, amewazoea.

"Sasa nikueleze," Mzee Gundi akaendelea. "Hii haiwashwi kienyeji. Inaitwa kwanza. Anayeiwasha anaita kila nafasi. Ukiitwa, unainua mikono yote miwili, unasema mikono nje. Mmoja akikosekana, kitufe hakiguswi. Na humjibii mwenzako. Awe chooni, awe ni ndugu yako wa tumbo moja, humjibii. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Na hiyo nainasa pia, ni tamu sana. Nafasi ziko ngapi?"

Mzee alitupa jicho upande wa wino kwanza.

"Mbili. Karatasi na Kupokea. Karatasi nitakuwa mimi, na kuita nitaita mimi. Wewe ni Kupokea."

Masikio alitazama ule ubao uliolika wa upande wa wino. Akahesabu moyoni nafasi tatu. Lakini saa yake ilisema kumi na moja na nusu, na mtu mwenye nusu saa hana muda wa kubishana na mlinzi.

Akavaa hedifoni. Mzee Gundi akazunguka upande wa pili, mashine ikamficha. Masikio akabonyeza kinasa sauti. Taa nyekundu ikawaka.

Kimya.

Njiwa juu ya dari. Tone la maji, mahali fulani... tone jingine.

"Karatasi?" Sauti ya Mzee Gundi, ya kukwaruza. Kisha ikajijibu: "Mikono nje."

"Kupokea?"

"Mikono nje," Masikio alisema, mikono juu, akijisikia kama mtoto wa chekechea.

Akangoja kitufe.

Kitufe hakikulia.

"Wino?"

Aliisikia kwa sikio la kushoto, yaani ilinaswa na maiki ya upande wa wino. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka. Alishangaa kidogo, kwamba kumbe nafasi ni tatu, si nilisema. Akangoja ajibu anayejibu.

"Wino?"

Sasa ilikuwa na uchovu. Hakuna aliyejibu. Harufu ya wino ilipanda ghafla, kali, ya wino mbichi, mpaka macho yakamchonyota. Masikio akatazama saa. Dakika ishirini na mbili zimebaki. Huyu mzee naye, akawaza, anangoja nini wakati tupo wawili tu humu.

"Wino?"

Mara ya tatu ilikuwa kama ya mtu anayeomba. Na Masikio, ambaye alikuwa na haraka, ambaye aliona ni utaratibu tu, maneno tu ya kufunga orodha ili kazi ianze, akasogeza mdomo kwenye maiki.

"Mikono nje," akasema.

Ka.

Kitufe.

Mashine ikaamka. Kwanza mkanda uliguna, kisha gurudumu kubwa likajivuta, kisha rola moja baada ya nyingine zikashika, zikabana, zikaachia... na ukumbi mzima ukaanza kutembea kwa mwendo mmoja mzito, *ndu-cha, ndu-cha, ndu-cha*. Masikio alisimama machozi yakimtoka. Ilikuwa nzuri. Alimwona baba yake akiwa kijana, mkono kiunoni, akiisikiliza hivi hivi. Akasema asante, hajui alimwambia nani.

Dakika ya nne sauti ilikatika kwa mlio mbaya wa chuma. Mzee Gundi alikuwa amening'inia kwenye swichi kubwa ya ukutani kwa mikono miwili. Kofia ilikuwa imemdondoka. Alikuja akiburuta mguu, uso umekuwa wa jivu.

"Nani kaiwasha?" alinong'ona.

"Si wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshika mkanda, naukaza. Sijafika kwenye kitufe. Ingenichukua mkono."

"Mzee wangu, si umeita Wino mara tatu..."

Alimtazama mdomoni, kama mtu anayehakikisha alichosikia.

"Wino hatuiti," alisema taratibu. "Miaka thelathini hatuiti. Umejibu?"

Masikio akaitazama maiki aliyoisemea. Hilo lilikuwa jibu tosha. Mzee Gundi akakaa sakafuni.

Alieleza nusu nusu, kwa kunong'ona, akiipa mashine mgongo. Kwamba mtu wa wino alifia humo ndani, kati ya rola. Kwamba baada ya mazishi mashine ilikataa kusimama, ukiizima jioni unaikuta asubuhi inazunguka tupu. Mwenye kiwanda akaleta mtu wa dawa, usiku na mchana alikuwa humu na vibuyu vyake, na alipotoka aliacha agizo moja: nafasi ya yule msiiite, na msiijibie. Yeye bado anangoja kuitwa atoke. Atakayemjibia, ndiye amekubali kuwa ndani.

"Na siku ile... nani alikuwa anaita?"

"Muulize baba yako," alisema. Akafikiri kidogo. "Au usimuulize. Futa hicho kitu, binti yangu. Futa hapa hapa."

Umeme ukakatika. Saa kumi na mbili kamili, kama walivyoahidi, na ndiyo ahadi pekee waliyoitimiza siku hiyo. Katika lile giza jepesi Masikio alikusanya vitu vyake. Hakufuta. Katika kazi yake yote hajawahi kufuta sauti, na ile ilikuwa ya baba.

Usiku aliketi na kompyuta yake akakata mwanzo wote. Karatasi, Kupokea, Wino, alivikata, akaacha mashine tupu, dakika nne safi. Alijiambia nyaya za zamani zinajigusa zenyewe. Alijiambia ukumbi mtupu hurudisha sauti, na mzee aliyezeeka akilinda magofu haachi kuona mambo. Alipoamka asubuhi alikuta kucha zake zote kumi zina mstari mweusi chini yake. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa mafuta ya taa. Mstari haukutoka. Akasema ni wa jana, ingawa alijua vizuri kwamba jana hakugusa wino.

Baba alikuwa barazani na chai yake. Masikio alijikaza akatabasamu, akamvalisha hedifoni, akamwandikia kwenye kiganja kwa kidole kama walivyozoea: *fumba macho*. Akabonyeza.

Mzee aliitambua mara moja. Uso ukamfunguka, midomo ikamcheza, na Masikio akasahau kila kitu. Hiyo ndiyo sura aliyoitaka. Aliiona kwa muda wa pumzi mbili hivi.

Kisha ikaondoka.

"Karatasi," mzee alisema, macho bado yamefumba. "Mikono nje... Kupokea. Mikono nje."

Masikio aliganda. Hayo maneno hayakuwemo. Aliyakata mwenyewe, akahakikisha mara mbili.

"Wino," mzee alisema.

"Baba."

"Wino." Sauti yake ilishuka, ikawa ya chini, isiyo na haraka. Nywele zilimsimama Masikio mwili mzima, maana sauti hiyo aliijua. Jana aliisikia kwa sikio la kushoto. "Wino..."

Alikuwa anasikiliza. Halafu akafumbua macho, akamtazama mwanawe kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Jana ulikuwa umesimama wapi?"

"Upande wa kupokea, baba," akasema, akionyesha kwa mkono.

"Basi mbona sauti yako inatoka ndani ya rola?"

Chai ilipoa pale pale barazani, hakuna aliyeigusa. Mzee alivua hedifoni, akakaa juu ya mikono yake, akasema mambo ambayo hakuwahi kuyasema hata kwa mama yake Masikio.

"Lori la madaftari ya shule lilikuwa getini, linapiga honi. Niliita Karatasi, akajibu. Kupokea, akajibu. Wino, kimya. Yule bwana alikuwa na tabia ya kutoroka kwenda kuvuta sigara nyuma ya choo, na meneja alishaapa akimkosa tena anamfukuza. Na siku hiyo meneja amesimama mlangoni, ananitazama. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu. Halafu... nikabana sauti kidogo, nikajibu mimi. Mikono nje. Nilikuwa namfichia, mwanangu. Ana watoto watatu, nilikuwa namfichia asifukuzwe."

"Kumbe alikuwa wapi?"

Mzee alisoma swali mdomoni mwake.

"Chini ya rola, anatoa karatasi iliyokwama. Masikio yake yalishaharibika kuliko yangu. Hakusikia kama anaitwa." Mkono wa kulia ulikuwa umemtoka chini ya paja. "Wakubwa walipouliza, niliwaambia alijibu. Nimesikia, niliwaambia. Wakanishikisha kitabu, nikaapa. Nimesikia."

Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza ukingo wa benchi. Masikio akakitazama, na safari hii akaelewa kinabonyeza kitufe gani, na jinsi alivyokuwa amekielewa vibaya miaka yote hiyo. Alitaka kulia lakini machozi yaligoma. Akanyoosha mikono yake, akamwonyesha baba kucha.

Mzee aliinuka, akaenda kutoa baiskeli.

Alimpakia nyuma kama alivyokuwa akimpakia kumpeleka shule ya awali. Mzee wa miaka sitini na nane, anakanyaga kwa kusimama, na mwanamke wa thelathini na nne nyuma amemshika kiuno. Waliowaona njiani walicheka, na kwa kweli ilichekesha. Njia nzima mzee alikuwa anasema kitu kimoja: ataiwasha mwenyewe, ataita, Wino asipojibu hatabonyeza. Safari hii hatabonyeza, na itakuwa imekwisha.

Walisikia gesi kabla ya kuona. *Fssss...* Ndani ya ukumbi palikuwa na moshi na jua la asubuhi, na pale katikati, ilipokuwa mashine, palibaki mashimo manne ya bolti na doa la grisi. Vipande vilishapakiwa. Kipande cha mwisho cha chuma kilikuwa kinakatwa, nacho kilikuwa kile kibao chenye kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Kikaanguka, kikalia kama sufuria.

Mkataji mmoja alivua miwani, akamlalamikia Mzee Gundi kwamba wameambiwa mashine haijafanya kazi mwaka mzima, sasa mbona sinia la wino limejaa, na wino wenyewe mbichi. Limewachafua nguo zote. Mzee Gundi alikuwa anawatazama wale wawili waliosimama mlangoni.

Fundi mkuu alitembea mpaka mahali pake. Alipajua bila kuangalia. Akasimama juu ya saruji tupu, kifua mbele, mkono wa kulia umeinuliwa usawa wa kitufe ambacho hakipo, akaita.

"Wino?"

Gesi, moshi, njiwa.

"Wino?" Na mara ya tatu sauti ikamkatika. Akageuka kwa Mzee Gundi. "Nimjibie mimi. Nafasi yake niichukue mimi. Sema inawezekana."

Mzee Gundi alimsogelea sana, ili aone mdomo.

"Humjibii mwenzako," alisema. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Masikio alitoa kompyuta pale pale, akafuta sauti yote, akaondoa mpaka kwenye takataka. Mzee Gundi alimwacha amalize. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba alichofuta ni sauti. Kujibu alishajibu.

Hayo yalikuwa mwanzoni mwa mvua. Mvua zilipokwisha, sikio la kulia la mzee lilikuwa limefunga. Unaweza kuangusha beseni nyuma yake, hageuki. Na vidole vya Masikio vilikuwa vimekufa ganzi mpaka kwenye fundo la pili. Ilianzia kwenye kucha, ikapanda taratibu, baridi na nzito, kama vimebanwa mahali. Hospitali walimpiga picha wakaona mifupa mizima, wakampa vidonge vya mishipa. Redioni alishindwa kushika vitufe, akaandika barua ya kuacha kazi kalamu ikiwa imebanwa kiganjani. Usiku alisikia *ndu-cha, ndu-cha*, mbali, na hakumwambia baba, maana baba asingeweza kuthibitisha wala kukanusha.

Mzee alibuni kitu kimoja, na hicho kimoja alikishikilia kufa na kupona. Kila jioni, saa kumi na moja na dakika arobaini, popote alipo, aliacha baiskeli ya watu ikiwa magurudumu juu, akaja barazani. Akaketi mbele ya mwanawe, akaipokea mikono yake yote miwili juu ya viganja vyake, akamtazama mdomoni. Halafu anamwita. Si kwa nafasi wala kwa Masikio, bali kwa jina lake la kwenye vyeti, lile alilompa mwenyewe siku alipozaliwa. Naye anajibu mikono nje. Mzee anayaona maneno yakitoka, anatikisa kichwa, anaachia. Maadamu anaitwa kwa jina lake, na anajibu mwenyewe, na mikono inaonekana, basi huyu yuko nje. Ndivyo alivyofikiri. Wiki ya pili Masikio alihisi joto la chai kwenye ncha ya kidole kimoja, wakakumbatiana kama watu walioshinda kesi. Kesho yake ganzi ikarudi.

Jioni hii ninayoisema ilikuwa jioni ya kawaida kabisa. Jirani alikuwa anafua. Mzee alikuja na grisi usoni, akamtania mwanawe kwamba siku hizi hata kuosha vyombo amepata kisingizio. Masikio akacheka. Akaketi, akanyoosha mikono, mzee akaipokea.

Akamwita kwa jina lake.

Masikio alikuwa anavuta pumzi ajibu. Ghafla puani ikamwingia harufu... wino mbichi. Pumzi ikamkwama. Midomo ikabaki imefumba.

Na mzee, ambaye hakuwa amesikia hata radi tangu sikio la kulia lifunge, aliinamisha kichwa upande wa kushoto, upande wa sikio lililokufa zamani, kama mtu aliyeitikiwa kutoka chini ya sakafu. Uso wake ulilegea. Alionekana ametua mzigo.

"Nimesikia," alisema.

"Baba, sijajibu."

Hakuwa anamtazama mdomoni tena.

"Baba. Baba, sijajibu bado."

Alijaribu kuvuta mikono, lakini haikutoka, mzee alikuwa ameishika imara, kwa upendo wote. Na Masikio, ambaye kufikia wiki hii ya tisa ganzi ilikuwa imemfika hata viganjani, alikihisi kidole gumba cha baba yake kikijiweka sawasawa katikati ya kiganja cha kulia, kama juu ya kitufe.

Kikabonyeza.